Mchungaji akienda likizo, kanisa linabaki mikononi mwa nani?

Tangazo huja mwisho wa ibada, baada ya sadaka na kabla ya sala ya kufunga. Mzee wa kanisa anasimama mbele na kusema kwamba mchungaji wetu ametumika miaka mingi bila kupumzika, kwamba sasa anakwenda likizo ya miezi mitatu, na kwamba mtumishi mwingine atakuja kushika nafasi yake mpaka atakaporudi. Watu wanapiga makofi. Wakishatoka nje, maswali yanaanza. Ni likizo kweli, au amepata safari? Huyo anayekuja ni wa wapi, na anahubiri kwa lugha gani? Nani atatia sahihi barua zetu? Na pesa za msiba, ziko kwenye simu ya nani?

Katika kanisa kubwa lenye dayosisi, ofisi na askofu, maswali haya yana majibu yaliyoandikwa zamani. Katika makanisa mengi ya wakimbizi hapa Kampala, yale yanayokodi ukumbi, karakana au chumba cha shule siku ya Jumapili, majibu huwa kichwani mwa mtu mmoja, na huyo ndiye anayeondoka. Kwa hiyo kumpokea mchungaji wa muda ni zaidi ya sherehe ya kumvika shada la maua na kumpa maikrofoni. Ni kipimo cha namna kanisa lilivyojengwa, na wanaoumia kipimo kikishindwa ni mjane, mgonjwa na kijana anayesubiri cheti.

Kwa nini jambo hili ni zito Kampala

Kufikia mwisho wa 2024 Uganda ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, idadi kubwa kuliko nchi yoyote ya Afrika. Wengi wako kwenye makazi kama Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja na Bidibidi. Lakini zaidi ya laki moja wameandikishwa hapa mjini, na utaratibu unajulikana: anayechagua kuishi Kampala kwa kawaida anajitegemea, kwa sababu chakula cha msaada na kiwanja hutolewa kwenye makazi. Katika Katwe, Nsambya, Kibuli, Makindye au Nakulabye, kila mtu analipa kodi yake, anatafuta kazi yake na kujitibu.

Ndiyo maana kanisa limekuwa zaidi ya mahali pa ibada. Familia iliyoshuka basi usiku kutoka Bunagana inampigia nani simu? Mara nyingi ni mchungaji. Mwenye nyumba akitishia kufunga chumba, mchungaji ndiye anayekwenda kumwomba wiki mbili. Mama akienda hospitali na hajui Kiingereza wala Kiganda, mke wa mchungaji au kijana wa kwaya ndiye mkalimani. Mtu akifariki, kanisa ndilo linalokusanya pesa za jeneza na kutafuta mahali pa kuzika. Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari, mzigo huo umezidi.

Mchungaji huyo naye ni mkimbizi. Ameacha kaburi la mzazi kule, analipa kodi hapa, na pengine anashona viatu au kuuza vitenge katikati ya wiki ili watoto wasome. Anasikiliza vilio vya wengine kila siku na hana anayemsikiliza. Kumpa mapumziko si anasa. Biblia yenyewe inaamuru hata shamba lipumzike mwaka wa saba, na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro anamwambia mkwewe Musa kwamba atachoka yeye na kuwachosha watu pia, kama ataendelea kuamua kila shauri peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Ushauri wa Yethro ulikuwa wa kiutawala kabisa: tafuta watu waaminifu, wagawie kazi.

Huko Marekani mapumziko ya namna hii yana mfumo wake. Taasisi ya Lilly Endowment ya Indiana kwa miaka mingi imekuwa ikitoa fedha kwa makanisa ili mchungaji apumzike miezi kadhaa, na sehemu ya fedha hizo inaweza kumlipa anayeshika nafasi yake. Hapa hakuna mfuko wa namna hiyo. Kanisa la kukodi lina sadaka ya Jumapili tu, na kutoka sadaka hiyo linapaswa kulipa ukumbi, kuendelea kuitunza familia ya mchungaji aliye likizo, na kumpa mgeni nauli na chakula. Kama hesabu hiyo haikufanywa kabla ya tangazo, mwezi wa pili mtaanza kulaumiana, na mchungaji ataitwa arudi kabla hajapumzika.

Mji huu uliwahi kubaki bila mapadri

Wengine hudhani kanisa haliwezi kusimama bila mtumishi aliyewekewa mikono. Historia ya Kampala inasema vingine.

Wamisionari Wakatoliki wa kwanza, Padre Lourdel na Bruda Amans, walifika Buganda Februari 1879. Mwishoni mwa 1882, hali ilipokuwa ya hatari katika ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, mapadri wote waliondoka wakavuka ziwa kwenda kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi hadi Julai 1885, baada ya Muteesa kufariki na Mwanga kushika kiti. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu kundi changa la waamini, wengi wao wakiwa wamebatizwa juzi tu au bado wanafundishwa, lilibaki bila padre hata mmoja.

Lilibaki mikononi mwa watu wa kawaida. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaongoza vijana waliokuwa ikuluni. Andrea Kaggwa aliwafundisha wale wa karibu na makao yake. Mathia Kalemba na Luka Banabakintu waliongoza jumuiya ya Mityana. Mapadri waliporudi hawakukuta kundi limetawanyika, walikuta limeongezeka. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Novemba 1885, Balikuddembe aliuawa Nakivubo, sehemu hiyohiyo ya mji ambako leo wengi wetu tunapita kwenda kuuza na kununua Owino.

Angalia pia walichokataa kufanya. Viongozi hawa hawakujiita mapadri. Walifundisha, walisali na watu, walitembelea wagonjwa, waliwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, lakini hawakuadhimisha misa. Waganda wawili wa kwanza kupewa upadri, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, waliupata mwaka 1913. Walijua mpaka wa kazi yao na wakaijaza mpaka ukingoni. Upande wa Waanglikana nako, mwaka 1885, wamisionari walipoona kwamba wanaweza kufukuzwa au kuuawa wakati wowote, waliunda baraza la wazee wa Kiganda ili kanisa liwe na viongozi hata kama Mzungu hayupo. Hawakusubiri siku ya kuondoka ndipo watafute wa kubaki.

Na kwa ndugu zetu wenyeji, historia hii ina sura nyingine. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia na mkewe, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Alirudi 1979 Amin alipoanguka. Kanisa la Uganda linajua maana ya kundi kubaki nyumbani wakati mchungaji wake yuko ukimbizini. Sisi tunajua maana ya kundi na mchungaji kukimbia pamoja, kisha kutenganishwa tena na ndege.

Mfano wa karibu: Rubaga, 2021

Tarehe 3 Aprili 2021, Jumamosi Kuu, Askofu Mkuu wa Kampala Cyprian Kizito Lwanga alikutwa amefariki nyumbani kwake. Jimbo kuu la nchi lilibaki bila kiongozi mkesha wa Pasaka. Papa Fransisko alimteua Askofu Paul Ssemogerere, aliyekuwa wa Jimbo la Kasana-Luweero, kuwa Msimamizi wa Kitume. Alishika nafasi hiyo huku akiendelea na jimbo lake, mpaka tarehe 9 Desemba 2021 alipotajwa kuwa Askofu Mkuu mwenyewe. Alisimikwa Januari 2022.

Wakatoliki wana kanuni ya zamani kwa kipindi kama hicho, na imeandikwa katika Sheria ya Kanisa, kanuni ya 428: kiti kikiwa wazi, kisibadilishwe kitu. Kanuni hiyohiyo inaendelea kuwakataza wanaosimamia kwa muda kuondoa, kuharibu au kugeuza nyaraka za jimbo. Unaweza usiwe Mkatoliki, lakini soma tena sentensi hiyo ukiwa mkimbizi. Walioiandika walijua kwamba hatari ya kipindi cha mpito mara nyingi iko kwenye kabati la karatasi kuliko kwenye mahubiri.

Kanisa letu dogo la Katwe halina Roma ya kuteua msimamizi. Lakini linaweza kuwa na karatasi moja, yenye sahihi za wazee, inayosema mambo manne: nani anakuja, kwa muda gani, anaruhusiwa nini, na haruhusiwi nini.

Sheria ya nchi inahusika wapi

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na wenzake katika vyama visivyo vya kisiasa na visivyo vya biashara. Hivyo kukusanyika kwa ibada, kuchagua wazee na kumkaribisha mchungaji mwingine ni haki, si upendeleo. Lakini kuna sehemu tatu ambapo mabadiliko ya mchungaji yanagusa sheria moja kwa moja.

Ya kwanza ni ndoa. Sheria ya Ndoa inataka ndoa ya kanisani ifungwe mahali pa ibada palipopewa leseni na serikali, na mtumishi anayetambuliwa wa kanisa hilo, mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Ofisi ya usajili ya serikali, URSB, imekuwa ikiyakumbusha makanisa kuomba leseni hiyo na kupeleka taarifa za ndoa zilizofungwa. Makanisa mengi ya kukodi hayana leseni. Kama mchungaji wa muda akifungisha ndoa mahali pasipo na leseni, Mungu atawasikia maharusi, lakini cheti chao kinaweza kukataliwa siku watakapokihitaji. Kwa mkimbizi siku hiyo huja: wakati wa kuunganisha faili ya familia, wakati wa mwenzi aliye nje kuomba wenzake wamfuate, wakati wa mirathi. Ushauri ulio salama ni huu: wakati wa mpito, harusi zifungwe katika kanisa lenye leseni, hata kama ni la majirani, na mchungaji wenu wa muda ahubiri tu.

Ya pili ni nyumba. Mkataba wa ukumbi mara nyingi uko kwa jina la mchungaji kama mtu binafsi. Kama hayupo, mwenye nyumba anaweza kusema hamjui ninyi. Kabla ya likizo, wazee wawili waende naye kwa mwenye nyumba, majina yao yaongezwe kwenye mkataba, na nakala ibaki kanisani.

Ya tatu ni usajili. Makanisa mengi nchini yamesajiliwa kama kampuni isiyogawa faida au chini ya wadhamini. Kama majina ya wakurugenzi au wadhamini ni ya mchungaji na mkewe pekee, mchungaji wa muda hana uwezo kisheria wa kutia sahihi chochote, na wazee nao hawana. Mwenye kuujua mgogoro huu mapema atautatua kwa barua. Mwenye kuugundua baada ya mchungaji kuhamia Canada atautatua kwa wakili.

Pesa kwenye simu, karatasi kwenye begi

Turudi kwenye swali la nje ya mlango: pesa za msiba ziko wapi?

Makusanyo mengi siku hizi yanapita kwenye pesa za simu. Ni rahisi, ni salama kuliko kopo chini ya kitanda. Lakini laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja na ina namba moja ya siri. Kwa sheria na kwa kampuni ya simu, pesa iliyomo ni yake. Mchungaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado akipoteza simu safarini, akiugua, au akisafiri kwenda nchi ambako laini haifanyi kazi, kundi linabaki mikono mitupu siku mtoto wa fulani anapofariki Mulago.

Dawa yake haihitaji utaalamu. Fungua akaunti ya kikundi benki au kwenye chama cha akiba na mikopo, yenye watia sahihi watatu, na wawili kati yao wakubaliane kabla pesa haijatoka. Kama kikundi bado hakiwezi, basi pesa ya msiba ihamie kwa mhazini aliyechaguliwa, na daftari lisomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Mchungaji wa muda asishike pesa. Hii si kumshuku. Ni kumlinda, kwa sababu mgeni ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole kopo likipungua.

Karatasi nazo ni hivyohivyo. Kanisa lina daftari la ubatizo, majina ya yatima, nakala za vitambulisho ambazo watu waliziacha kwa usalama, na barua za utambulisho. Baadhi ya karatasi hizo zina siri za watu: nani alibakwa njiani, nani anatafutwa na nani, nani anaishi na virusi. Mchungaji alizisikia kama mchungaji. Hazipaswi kukabidhiwa kwa mgeni kama funguo za stoo. Kabla ya kuondoka, nakala za vitambulisho zirudishwe kwa wenyewe, na kila mwenye shauri la siri aulizwe kama anataka lijulikane kwa mwingine. Wengi watasema hapana, na hilo litimizwe.

Kazi yake, na isiyo yake

Kitabu cha Kutoka kina habari ambayo wazee wote wanapaswa kuisoma kabla ya tangazo. Musa alipopanda mlimani siku arobaini, hakuondoka kimya. Aliwaambia wazee wasubiri, na wenye mashauri wawaendee Haruni na Huri. Palikuwa na mpango, palikuwa na watu wawili. Hata hivyo tunajua kilichotokea: watu walichoka kusubiri, wakamsonga Haruni, na Haruni akawatengenezea ndama.

Kosa la Haruni halikuwa uvivu. Alitaka kuwaridhisha watu. Huo ndio mtego mkubwa wa mchungaji wa muda. Kundi lenye hofu linataka kitu cha kuonekana haraka: nabii mpya, kwaya mpya, jina jipya la kanisa, mfungo wa siku ishirini na moja, gari la kukodi la kwenda mkesha. Mgeni anayetaka kupendwa atawapa. Mchungaji akirudi atakuta kanisa ambalo halimjui, au makanisa mawili.

Kwa hiyo mpaka uwe wazi. Mchungaji wa muda ahubiri, afundishe, awatembelee wagonjwa, azike wafu, awaombee watu, na akae na wazee kila wiki. Asiweke mashemasi wapya, asimtoe mtu kwenye ushirika, asibadilishe jina wala uanachama wa kanisa, asianzishe michango isiyopitishwa na wazee, na asihamishe ukumbi. Mtume Paulo alipomwacha Tito Krete alimpa kazi iliyotajwa kwa maneno: kuyatengeneza yaliyosalia na kuweka wazee katika kila mji. Tito alijua ametumwa kufanya nini. Mchungaji wa muda wa Nsambya naye anastahili kujua.

Je, mgeni anaweza kubaki kama kiongozi wa kudumu? Makanisa yana desturi tofauti. Katika Rubaga, msimamizi ndiye aliyekuja kuwa Askofu Mkuu. Katika makanisa mengi ya Kipresbiteri ya Marekani, desturi ya muda mrefu imekuwa kwamba mchungaji wa mpito hagombei nafasi anayoishikilia, ili asitumie miezi yake kufanya kampeni. Kwa makanisa yetu, yasiyo na mamlaka ya juu ya kuamua, desturi ya pili ni salama zaidi. Pale ambapo Roma inateua, ugomvi unaishia Roma. Pale ambapo wanaopiga kura ni watu wa kabila tatu waliokimbia vita hivyohivyo kwa njia tofauti, kampeni ya mchungaji inaweza kuwasha kile tulichokikimbia.

Lugha na kabila

Hili tuliseme wazi, kwa sababu watu hulisema kwa kunong'ona. Mchungaji wa muda akiwa Mnyamulenge katika kanisa lenye Wabembe wengi, au Mshi katika kanisa la Wanande, au Mhutu wa Burundi mahali penye Watutsi, watu watahesabu kabla hajafungua Biblia. Haifai kujifanya kwamba hawahesabu. Pia haifai kuchagua kwa kabila ili watu wanyamaze, kwa sababu mtoto aliyezaliwa Katwe atajifunza kwamba hata madhabahu ina mwenyewe.

Kinachoweza kufanyika ni kutumia lugha inayowakusanya wote. Kiswahili ndicho kilichotuvusha. Mkongo wa Uvira, Mrundi wa Rumonge, Mnyarwanda aliyekulia Goma na Mganda wa Makindye aliyefanya biashara Mombasa wanakutana humo. Mchungaji wa muda anayehubiri Kiswahili, na mkalimani wa Kiganda pembeni yake, anawafungulia mlango jirani zetu pia. Wenyeji wengi huingia kwa sababu ya muziki na kuondoka kwa sababu hawaelewi neno.

Jirani ana haki nyingine: kulala. Uganda ina kanuni za kelele tangu 2003, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, na makanisa yamewahi kunyang'anywa spika kwa sababu hiyo. Mchungaji wa zamani pengine alikuwa na makubaliano ya mdomo na majirani: ngoma zinyamaze saa nne usiku. Mgeni hajui. Siku ya kwanza, kabla ya ibada ya kumkaribisha, wazee wampeleke kwa mwenyekiti wa LC1 na kwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Salamu moja ya mchana inaokoa spika nyingi.

Wanaopita wakiuza safari

Kuna hatari ya mwisho, na ndiyo inayoumiza zaidi. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliongoza, karibu 20,000. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango huo. Watu waliokuwa wameuza vitanda na kuaga kanisa walirudi kukodi vyumba.

Mahali penye kiu kama hiyo, mtumishi mgeni anayesema ana "mtu ndani ya ofisi" atasikilizwa. Mchungaji wa zamani mnamjua, mnajua nyumba yake, mnajua mahari aliyolipa. Wa muda hamumjui, na mwezi wa tatu ataondoka. Kwa hiyo kanisa litangaze mbele yake, siku ya kumpokea, mambo haya: kuandikishwa kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu ni bure, huduma za UNHCR na washirika wake ni bure, kuhamishiwa nchi ya tatu hakununuliwi, na mtu yeyote anayeomba pesa, zawadi au mwili kwa ajili ya faili anafanya kosa. Simu ya bure ya malalamiko ni 0800 323232. Mtumishi wa kweli hataona aibu tangazo hilo likisomwa. Ataomba alisome yeye mwenyewe.

Vilevile, wasichana na watoto wasipelekwe kwa mgeni peke yao kwa "maombi maalumu". Maombi yafanyike mlango ukiwa wazi na mama mmoja wa kanisa akiwepo. Kama utaratibu huu haukuwepo wakati wa mchungaji wa zamani, likizo yake ni nafasi nzuri ya kuuanza, naye akirudi aufuate.

Siku ya kurudi

Wengi hupanga kuondoka na kusahau kurudi. Mchungaji akirudi, asipande madhabahuni siku hiyohiyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Akae na mchungaji wa muda na wazee kwanza, asikie nani alizaliwa, nani alizikwa, nani aliacha kuja. Daftari la pesa lisomwe. Mgeni aagwe mbele ya watu kwa shukrani na nauli, si kupotea usiku. Na mchungaji asikilize bila uchungu akiambiwa kwamba kijana fulani aligundulika kuwa mwalimu mzuri, au kwamba kina mama waliongoza ibada ya Jumatano vizuri kuliko zamani. Hilo si kushindwa kwake. Ndilo Yethro alilokuwa akimwambia Musa.

Na kama harudi? Katika makanisa ya wakimbizi hili liko daima. Likizo inaweza kugeuka safari, ugonjwa, au simu kutoka nyumbani ikisema mama anakufa. Kanisa lililojiandaa kwa miezi mitatu limejiandaa pia kwa siku hiyo: mkataba una majina ya wazee, akaunti ina watia sahihi, siri za watu ziko salama, na kundi limekwisha kuona kwamba linaweza kusali bila sauti moja waliyoizoea.

Jumapili ijayo, kabla ya tangazo lolote, mzee wa kanisa anaweza kumuuliza mchungaji wake swali moja tu akiwa bado yupo, mzima, na hakuna anayegombana: ukiondoka kesho asubuhi, ni nini ambacho sisi hatuna? Orodha atakayoitoa ndiyo kazi ya kuanza nayo.